Usaili wa masta: hii miaka mitano niliyokaa shambani Newala niielezeje?

#1 Kijana wa Kitangari
Wakuu, heshima kwenu.

Nilimaliza shahada ya kwanza 2016. Mwishoni mwa 2018 nikaanza masta ya sayansi ya mimea kwenye chuo kimoja huko bara, mlipaji ni mzee, na mzee mtaji wake ni korosho. Msimu ule mnaukumbuka wenyewe. Hela ilichelewa kufika nyumbani, ada ya muhula wa pili ikanipita, na Machi 2019 mzee akapigwa kiharusi. Nikapanda basi la kusini na begi moja, nikijua naenda wiki mbili. Sikurudi. Barua ya kuahirisha sikuandika, simu za chuo sikupokea. Nilizima tu.

Tangu hapo niko Newala. Ekari 11 za mikorosho, tuisheni ya baiolojia jioni, na msimu mmoja nilikuwa karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Mzee alitangulia mbele ya haki 2022. Sasa nimeomba upya, chuo kingine, na nimeitwa kwenye usaili kwa Zoom mwezi ujao.

Maswali yangu ni mawili. Wakiuliza nilikuwa wapi miaka yote hii, nijibuje? Na ile masta niliyoitelekeza, niitaje au nikae kimya? Kwenye fomu sikuiandika.

#2 Bomba la Salfa
Nimeweka kambi hapa na kikombe cha uraka. Waje wajuzi.

#3 Mama Pacha
Pole kwa msiba, mdogo wangu. Kuuguza mzazi hakuna Mtanzania atakayekulaumu. Sema ulivyosema hapa, hivi hivi, na wao wana wazazi. Ukianza kupamba ndipo sauti itakapokutetemeka.

#4 Shangani Kwetu
Mimi nasema kaa kimya. Huna cheti cha ile masta, huna matokeo ya kujivunia, ulikaa muhula mmoja. Nani atakwenda kukufukua huko? Miaka yote wewe mkulima na mwalimu, basi. Mkulima hana pengo, ana misimu.

#5 Nahodha wa Msangamkuu
Namba 4 unampeleka mwenzio kwenye mwamba. Fomu nyingi za uzamili zina kipengele cha kutaja vyuo vyote ulivyowahi kusajiliwa, hata kama hukumaliza. Vyuo vya Marekani huwa wanadai na transikripti ya kila mahali ulipopita. Ikijulikana baadaye kwamba ulificha, udahili unaweza kufutwa, na kuna vyuo vinafuta hata shahada yenyewe ukiwa umeshavaa joho. Mleta uzi, kaisome fomu yako upya kabla ya kufikiria usaili.

#6 Kijana wa Kitangari
Nimeifungua sasa hivi. Imeandikwa "taja vyuo vyote ulivyosoma". Mimi niliweka kile cha shahada ya kwanza tu. Nilidhani kusoma ni kuhitimu.

#7 Shangani Kwetu
Kiswahili kinakutetea hapo. Aliyeonja hajala.

#8 Nahodha wa Msangamkuu
Mwambie Mungu hivyo ukiwa mchana wa Ramadhani.

#9 Kiti cha Tatu
Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza. Kiti changu kilikuwa cha tatu kutoka mwenyekiti, yaani yule anayeachiwa maswali mawili ya mwisho. Ngoja niwaambie mambo yanavyokwenda kule ndani.

Asubuhi moja tuna watu kumi na kitu. Faili la mtu tunalipitia wakati yeye anavuta kiti. Pengo la miaka tunaliona, na tutaliuliza kwa sababu liko kwenye karatasi, kama vile mtu akikuona unachechemea lazima akuulize mguu una nini. Huruma tunayo, ila si kazi iliyotukalisha pale. Yule msimamizi mtarajiwa pembeni yangu anawaza jambo moja: huyu nikimpa nafasi, nikampa na muda wangu, ataondoka tena Machi?

Sasa angalia jibu lako. "Mzee aliumwa" linaeleza kwa nini uliondoka. Halielezi kwa nini hutaondoka tena. Ukiwa chuoni, ekari 11 ziko kwa nani? Ada inatoka kwenye korosho tena? Bei ikianguka je? Watu wanakwama hapo, hawakwami kwenye pengo. Niliwahi kuona kijana akaeleza ugonjwa wa mama yake mpaka akalia. Tukampa maji, tukampa pole. Nafasi hatukumpa.

#10 Bomba la Salfa
Kitangari sema ukweli, huo msimu wa ukarani ulikuwa unapiga kangomba, unanunua korosho za wakulima kichinichini. Jopo wakikuuliza usije ukasema "nilikuwa natoa huduma za fedha kwa wakulima wadogo".

#11 Kijana wa Kitangari
😂😂 Mjomba, kangomba ni kesi. Mimi nilikuwa naandika kilo kwenye daftari tu.

#12 Mikindani Zamani
Kweli ule mwaka 2017 ulituumiza. Ndiyo ile Magufuli alisema serikali itanunua yenyewe kwa 3,300 na wanajeshi wakaja kubeba.

#13 Karani wa Ghala
Mikindani, hapo umechanganya. 2017 ndio mwaka watu walinunua pikipiki, bei ilipanda mpaka ikagonga elfu nne kwa kilo. 3,300 ilitangazwa Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi mnadani, na JWTZ wakaingia kazini msimu huo huo. Mleta uzi yuko sahihi na tarehe zake. Tena nakushauri, Kitangari, hilo litaje kwa mwaka na kwa bei. Ukisema "matatizo ya kifedha" kila mtu anayo. Ukisema "msimu wa korosho wa 2018" hata mtu wa Bukoba aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari anajua unaongelea nini.

#14 Kiti cha Tatu
Namba 13 amesema vizuri. Lakini sentensi moja inatosha. Usiwape somo la stakabadhi ghalani, korosho zinavyopelekwa ghalani na kuuzwa mnadani.

#15 Karani wa Ghala
Mimi ningewapa. Mfumo ulianzia kwetu huku, msimu wa 2007/08, na bado watu wa bara wanadhani tunauza kwa vibaba barabarani.

#16 Mwanalukuledi
Niko Marekani mwaka wa tatu wa PhD, kwetu Masasi. Niliacha programu ya kwanza hapa hapa, nikakaa nyumbani miaka miwili, nikaomba upya chuo kingine. Kwa hiyo nalijua hili kwa ngozi yangu.

Hapa ukiwa umewahi kuacha programu, wa kwanza kuulizwa si wewe, ni barua zako za mapendekezo. Wakiona hakuna barua kutoka kule ulikoacha, wanajiuliza mliachana vipi. Mimi nilimwandikia yule msimamizi wa zamani, nikamwomba radhi kwa kuondoka kimya, na akaniandikia barua. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kubonyeza "tuma".

Kwenye usaili nilijibu kwa pumzi moja: niliondoka kwa sababu hii, nilifanya hivi, nimerudi kwa swali hili la utafiti. Wakaacha, wakaingia kwenye utafiti. Kitu kingine, mitihani ya lugha, IELTS na TOEFL, matokeo yanadumu miaka 2, na GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili huku, miaka 5, ingawa programu nyingi siku hizi hawaitaki GRE. Pengo likirefuka unalipia mitihani upya. Hilo hakuna anayekuonea huruma.

#17 Shangani Kwetu
Huko ni Marekani. Kijana anaomba hapa hapa Tanzania, msimtishe na GRE.

#18 Mchinga Express
Mimi nilisikia shahada ikikaa zaidi ya miaka mitano bila kuendelea inakufa, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hawaitambui tena kwa masta. Kweli?

#19 Nahodha wa Msangamkuu
Cheti hakiozi, si dagaa. Shahada ya 1985 ni shahada. Kinachokufa ni usajili wa masomo ambayo hukumaliza, maana kila chuo kina ukomo wa muda. Kwa hiyo ile masta ya Kitangari yenyewe imeshazikwa, na ndiyo maana anaomba upya badala ya kurejea.

#20 Mwanalukuledi
Ila Mchinga hajatoka patupu, nadhani amesikia habari za DAAD, wale wafadhili wa Ujerumani. Zile skolashipu zao za EPOS, wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6 wakati unaomba, na uwe na uzoefu wa kazi angalau miaka 2. Mleta uzi amehitimu 2016, mlango huo ulishafungwa. Chevening ya Uingereza hawana ukomo wa namna hiyo, wao wanahesabu saa za kazi, 2,800. Huko pengo lenye kazi ndani yake ni mtaji.

#21 Kijana wa Kitangari
Kwa hiyo shamba la mzee linahesabika kama kazi? Sina mkataba, sina hati ya mshahara.

#22 Mwanalukuledi
Hapo uandike saa zako kwa uaminifu na uwe na mtu wa kukushuhudia. Tuisheni na ukarani vinahesabika bila ubishi. Shamba inategemea ulifanya nini. Kupalilia, au kulisimamia?

#23 Mama Pacha
Nami nitoe langu. Niliacha masta ya afya ya jamii nikiwa na mimba ya mapacha. Nilipoomba tena baada ya miaka mitatu, jopo halikuniuliza ataondoka Machi wala nini, Kiti cha Tatu. Swali la kwanza, "mume ameridhia?" La pili, "watoto utamwachia nani?" Nikawajibu kwamba mume wangu ndiye aliyenipeleka na yuko nje na mapacha kwenye gari. Wakacheka. Chuo sikitaji. Ninachosema, kila jopo lina mdudu wake, usiende umekariri jibu la jopo la mtu mwingine.

#24 Bomba la Salfa
Likizo ya uzazi ya mapacha kisheria ni siku 100 dada. Wewe umechukua miaka mitatu 😂

#25 Mama Pacha
Njoo uwabebe wewe hizo siku 100 tuone.

#26 Kiti cha Tatu
Mama Pacha, swali la pili walilokuuliza ni lile lile la kwangu. Nakubali wameliuliza kwa adabu mbovu, na mwanaume asingeulizwa.

#27 Nahodha wa Msangamkuu
Mimi nilikuwa na pengo la miaka minne, nilijiandaa usiku kucha, na hawakuligusa kabisa! Waliuliza mada ya utafiti, nikababaika, maana nguvu zote nilizimalizia kwenye pengo. Nilikosa.

#28 Kivuli cha Mkorosho
Samahani, mimi ni msomaji tu humu, leo ndiyo naandika. Langu halikuwa korosho wala mimba. Niliugua sonona. Nilikuwa naamka, naangalia ukuta mpaka adhuhuri. Nyumbani wakadhani nimechezewa, nikapelekwa kwa wataalamu mpaka Nachingwea. Nilipata nafuu hospitali, dawa na mazungumzo. Mwakani nataka kuomba tena. Hilo nalo mtu anasema?

#29 Mama Pacha
Pole sana, na hongera kwa kufika hapa. Huwajibiki kutaja jina la ugonjwa. "Nilikuwa na tatizo la kiafya, nilitibiwa, sasa niko vizuri" ni jibu kamili. Wakichimba, rudia hilo hilo.

#30 Shangani Kwetu
Siafikiani. Ukisema "tatizo la kiafya" wataanza kuwaza kifua kikuu, wataanza kuwaza mambo. Bora useme biashara.

#31 Kiti cha Tatu
Shangani, ushauri wako wote kwenye uzi huu ni uongo mdogo mdogo. Kivuli, fuata namba 29. Ila uwe na la kuongeza mara moja: tangu upone umefanya nini. Hata kama ni kozi fupi, hata kama ni kufundisha watoto wa jirani.

#32 Mwanalukuledi
Mimi kwenye hilo nina shaka na pande zote mbili. Nimeona mwenzangu akasema wazi "nilikuwa na sonona" na msimamizi akamheshimu. Nimeona na mwingine akanyamaza, akapita vizuri. Sijui.

#33 Mchinga Express
Na deni la Bodi ya Mikopo miaka hiyo mitano si linazaa tu? Ile asilimia 6 ya kila mwaka?

#34 Karani wa Ghala
Ilifutwa 2021, mkuu. Ukiajiriwa utakatwa ile 15 ya mshahara kama kawaida. Turudi kwenye mada.

#35 Kijana wa Kitangari
Asanteni. Nimejaribu kuandika jibu, nikosoeni:

"Nilianza masta 2018. Msimu wa korosho wa mwaka huo uliyumba na baba yangu akapata kiharusi, nikalazimika kurudi nyumbani Newala kumuuguza na kuendesha shamba, ambapo nilijifunza uvumilivu, uongozi na ujasiriamali. Sasa niko tayari kuendelea na masomo kwa ari mpya."

#36 Bomba la Salfa
"Ari mpya" hahaha. Hiyo ni risala ya mwenge.

#37 Kiti cha Tatu
Mpaka neno "shamba" ni wewe. Kuanzia "uvumilivu" ni mtu mwingine kabisa, na huyo mtu nimeshamsaili mara mia. Futa. Weka ulichofanya.

#38 Mama Pacha
Na hujasema uliondoka bila kuaga. Kama umeamua kusema, sema na hilo.

#39 Shangani Kwetu
Kwa nini ajichongee mwenyewe? Aseme "nililazimika kukatisha masomo". Ni kweli na inatosha.

#40 Mikindani Zamani
Natoka nje ya mada kidogo. Kitangari, wewe ni mtu wa mimea na uko shambani. Mikorosho yangu ya Naliendele maua yamekuja meupe kama yamepakwa unga, mengine yanakauka. Nimepuliza salfa juzi saa nne asubuhi, sioni kitu.

#41 Kijana wa Kitangari
Huo ni ubwiriunga. Yakishakuwa meupe umechelewa kwa hayo, okoa yanayofuata. Saa nne umande umeshakauka na upepo umeamka, salfa yote imeenda kwa jirani. Puliza alfajiri kabla jua halijatoka, hakuna upepo, jani bado lina umande, unga unashika. Na angalia katikati ya mti, kama kumejaa machipukizi yaliyobanana pogoa, maana kuvu anapenda pale penye kivuli na ubaridi. Mwaka wa kwanza na mimi nilikuwa napuliza saa tatu kama wewe. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila mti, lini nimepuliza, saa ngapi, umezaa kilo ngapi. Nina misimu minne kwenye madaftari. Kuna miti miwili mitatu haipati ubwiriunga hata nisipopuliza, iko mpakani kwa bibi, sijui kwa nini, na ndiyo ninayotaka kuifanyia utafiti. Ukitaka uhakika zaidi wewe uko karibu, nenda TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, hapo Naliendele uwaonyeshe tawi.

#42 Mikindani Zamani
Shukrani sana. Kesho alfajiri niko juu ya mashine.

#43 Mwanalukuledi
Kitangari. Una madaftari ya misimu MINNE na hukuyataja tangu namba 1?

#44 Kijana wa Kitangari
Ni madaftari ya shule, mkuu. Yana matope.

#45 Kiti cha Tatu
Yaonyeshe kwenye kamera hivyo hivyo.

#46 Nahodha wa Msangamkuu
Mimi bado nina wasiwasi, jamani, msimpe kichwa. Data ya mtu mmoja shambani kwao, hakuna kipimo cha kulinganisha, hakuna mpangilio. Profesa mkali ataichana pale pale. Na fomu bado ina kasoro ya namba 6. Madaftari hayafuti hilo.

#47 Kiti cha Tatu
Ataichana, ndiyo. Ukichanwa data yako unasailiwa. Ukiulizwa habari za baba yako unahurumiwa. Mimi ningechagua kuchanwa. La fomu nakuunga mkono, aandike barua pepe ya kusahihisha kabla ya siku yenyewe.

#48 Shangani Kwetu
Akiandika, wanafuta jina lake kwenye orodha, halafu mtakuja humu kumpa pole.

#49 Mchinga Express
Na mtandao je? Usaili wa Zoom ukiwa Newala? Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, nchi nzima tukawa tunazungusha duara kwenye simu. Wiki ya kwanza ya mwezi huo kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshakata barabara huku kwetu Kilwa. Hatukuwa na njia ya chini wala ya majini 😂

#50 Karani wa Ghala
Ashuke Mtwara mjini siku moja kabla, asitegemee basi la asubuhi. Zamani lami ikiishia Mnivata, mtu akitoka Newala alifika mjini ana rangi ya njia. Kuna kituo cha Chuo Kikuu Huria mjini, aulize kama anaweza kupata chumba, au aende kwa rafiki mwenye fremu tulivu. Asikae mgahawani, nyuma yake watu wanaagiza chapati.

#51 Mama Pacha
Aje kwangu. Mapacha nitawatoa kwa bibi yao. Kitangari, nicheki inboksi.

#52 Kijana wa Kitangari
Wakuu, mrejesho. Jana usiku niliandika barua pepe kwa ofisi ya udahili. Nimesema nilisajiliwa masta 2018, nikaondoka Machi 2019 bila kuahirisha rasmi, sikuandika kwenye fomu kwa kutoelewa kipengele, naomba isahihishwe. Nikamwandikia na yule msimamizi wa zamani. Yeye hajajibu. Ofisi wamejibu leo saa tano. Neno moja: "Tumepokea."

#53 Nahodha wa Msangamkuu
Nzuri hiyo. Wameweka kwenye faili.

#54 Shangani Kwetu
Mbaya hiyo. Wangekuwa hawana neno wangesema "asante kwa taarifa".

#55 Kiti cha Tatu
Ni karani wa udahili, ana barua mia mbili. Haina maana yoyote.

#56 Mwanalukuledi
Mimi ningewapigia simu kuhakikisha tarehe ya usaili bado ipo pale pale.

#57 Mama Pacha
Usipige. Utaonekana una hofu.

#58 Mikindani Zamani
Nimepuliza saa kumi na moja alfajiri, kweli unga umeshika. Ila nimekohoa mpaka mke wangu ameamka. Mnavaa nini usoni?